Bei ya Kidokezo: Kanuni za Mchezo wa Upelelezi wa Mizimu Enzi ya Victoria

Michezo ya upelelezi ya mezani ina ugonjwa wa tangu zamani. Msimamizi ametunga kisa kizuri: mjane wa Bloomsbury, marehemu mume anayebisha ukutani kila usiku, barua iliyofichwa nyuma ya kabati. Wachezaji wanaingia chumbani na kupekua. Dadu zinagoma. Barua haionekani, na kwa kuwa kisa chote kinapitia kwenye barua hiyo, saa mbili zinazofuata zinaishia katika kumhoji upya mtumishi asiyejua kitu. Hakuna aliyecheza vibaya. Kanuni ndizo zilizowaangusha.

Kwa asiyeujua, mchezo wa kuigiza wahusika huchezwa kwa maneno. Kila mchezaji anabeba mhusika mmoja, msimamizi anabeba watu wengine wote na dunia yao, na jambo linapokuwa na shaka, kanuni na dadu ndizo huamua. Anayetaka kuupeleka mchezo huu London ya karne ya 19, kwenye ukungu, taa za gesi na mambo yasiyoelezeka, hukuta rafu imejaa vitabu vya kanuni. Ushauri anaopewa mara nyingi huanzia pasipofaa: dadu za aina gani, silaha ngapi, mazimwi ya namna gani. Swali la kuanzia ni jingine. Katika mfumo huu, kidokezo kinanunuliwa kwa bei gani? Mpelelezi ananunua ujuzi, na katika enzi ile ujuzi wa mambo ya giza ulilipiwa kwa sarafu tatu: mwili, akili na jina. Mfumo unaotoza sarafu unazozitaka utakufaa hata kama umeandikiwa nchi nyingine. Usiozitoza utaurekebisha mpaka uchoke.

Enzi iliyoipima mizimu

Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Katika miaka hiyo Waingereza walitandaza reli, wakapitisha nyaya za telegrafu chini ya bahari, na wakaketi sebuleni gizani kuita roho za wafu. Mtindo huo ulitoka Marekani, katika jimbo la New York, ambako mwaka 1848 akina dada Fox walisema wanazungumza na mzimu kwa milio ya kugonga. Miaka 40 baadaye Margaret, mmoja wao, alikiri mbele ya watu kwamba milio ile ilikuwa hila. Huko London, mkemia mashuhuri William Crookes alimchunguza msichana Florence Cook, aliyedai kulidhihirisha umbo la roho, na mwaka 1874 akatangaza kuwa ameridhika. Mwaka 1876 Mmarekani Henry Slade, ambaye roho zake ziliandika kwenye vibao, alifikishwa mahakamani London kwa utapeli. Mwaka 1882 wasomi wakaunda Society for Psychical Research, rais wake wa kwanza akiwa mwanafalsafa Henry Sidgwick wa Cambridge, ili kuyapima madai haya kwa utaratibu.

Upelelezi nao ulikuwa unakua pembeni. Polisi wa London walipata kikosi cha wapelelezi mwaka 1842 na idara kamili mwaka 1878. Sherlock Holmes alitokea kwenye kurasa mwaka 1887. Mwaka uliofuata mauaji ya Whitechapel yakaonyesha kuwa wapelelezi wa kweli hawana uhakika wa kushinda. Wakati huohuo waandishi walikwisha kuunganisha mambo hayo mawili: Sheridan Le Fanu alimtumia daktari Hesselius, tabibu wa visa vya kutisha, katika kitabu cha mwaka 1872, na Dracula ya mwaka 1897 ni hadithi ya kamati ya watu wanaokusanya barua, shajara na ratiba za treni hadi wamjue adui wao.

Historia hii inamdai mchagua kanuni mambo mawili. Kwanza, adui anashindwa kwa kujulikana. Risasi huja baadaye, kama zinakuja. Pili, shaka ni sehemu ya enzi. Kama kila mlio ukutani ni mzimu wa kweli, mchezo umeiacha nusu ya karne nje.

Chumba kimoja, kanuni nne

Tuirudie barua ya mjane na kuipitisha kwenye mifumo minne inayotajwa zaidi.

Wa kwanza ni Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kutolewa na Chaosium mwaka 1981. Kitabu chake cha nyongeza, Cthulhu by Gaslight cha mwaka 1986, kiliupeleka Uingereza ya miaka ya 1890. Kila ujuzi una namba ya asilimia. Mchezaji anatupa dadu za mia na kufaulu akipata namba hiyo au chini yake. Mwenye 45 katika kupekua ataikosa barua mara 55 katika 100. Wakipekua wanne, kila mmoja akiwa na 45, uwezekano wa wote kukosa ni kama asilimia 9, na hapo msimamizi huvuta pumzi. Lakini kisa hakina kidokezo kimoja. Kikiwa na hatua tatu zinazofuatana, na kila hatua inamtegemea bingwa mmoja mwenye 60, uwezekano wa kufika mwisho bila kukwama ni kama asilimia 22. Toleo la saba la mwaka 2014 liliweka dawa: aliyekosa anaweza kulazimisha mtupo wa pili, mradi aeleze anaongeza juhudi gani na akubali kwamba akikosa tena madhara yatakuwa makubwa. Anavunja kabati, na kelele zinamwamsha mwenye nyumba. Hapo kidokezo kimeanza kuwa na bei.

Wa pili ni GUMSHOE wa Robin D. Laws, unaojulikana sana kupitia Trail of Cthulhu ya Kenneth Hite ya mwaka 2008. Laws aliukata ugonjwa kwenye shina. Mwenye ujuzi unaohusika akiangalia mahali panapohusika, kidokezo cha msingi anakipata bila dadu. Barua inaonekana. Akitaka zaidi, anatumia pointi za ujuzi wake: anagundua kuwa lakiri imefunguliwa na kubandikwa tena, na aliyeibandika anatumia mkono wa kushoto. Dadu hubaki kwa mambo ya hatari kama kukimbia, kupigana na kutotetereka. Wapinzani husema hili linaua msisimko. Hoja hiyo inasahau kwamba hakuna msomaji wa riwaya za upelelezi anayefurahia sura ambayo mpelelezi hakuona kitu. Raha iko kwenye kujua barua ina maana gani.

Wa tatu ni Vaesen wa Free League ya Sweden, uliotoka mwaka 2020 kutokana na kitabu cha mchoraji Johan Egerkrans. Makao yake ni Uppsala ya karne ya 19, na baadaye ukaandikiwa nyongeza ya Uingereza na Ireland. Mchezaji anakusanya dadu za pande sita kulingana na uwezo wake, na sita moja inatosha kufaulu. Mwenye dadu tano ana takriban asilimia 60. Akikosa anaweza kuzitupa tena zile zisizoonyesha sita, na jumla ya nafasi yake inapanda hadi asilimia 84 hivi. Lakini anabeba hali mbaya moja, ya mwili au ya moyo: amechoka, ana hasira, ana hofu. Kila hali inampunguzia dadu baadaye, na zikimjaa anavunjika. Bei inalipwa papo hapo, na mchezaji ndiye anayeamua kulipa. Viumbe wa kutisha wanaochunguzwa humo hawafi kwa panga tu. Lazima wapelelezi wagundue kilichowachokoza na namna ya kuwatuliza au kuwafukuza.

Wa nne ni The Between wa Jason Cordova, uliowekwa London ya Victoria, kwenye nyumba iitwayo Hargrave House. Hapa barua haikuwa na yaliyomo mpaka ilipoonekana. Msimamizi ana orodha ya vidokezo vya kuvutia ambavyo havijafungwa kwenye jibu lolote. Wachezaji huviokota, kisha wanakaa chini na kuviunganisha wenyewe, na dadu zinaamua kama nadharia yao ni sahihi. Mwandishi huyohuyo alitumia njia hii katika Brindlewood Bay: unatupa dadu mbili, unajumlisha idadi ya vidokezo vilivyoingia kwenye nadharia, unatoa kiwango cha ugumu wa fumbo. Fumbo la ugumu wa 6 likifumbuliwa kwa vidokezo 6, nafasi ya kupata 7 au zaidi ni asilimia 58. Kwa vidokezo 8 inafika 83. Kwa hiyo kila kidokezo kina uzito unaopimika, na kila kimoja kinafuatwa mahali penye hatari.

Nani analijua jibu?

Mifumo hiyo minne inagawanyika mahali pamoja kuliko pengine popote. Katika mitatu ya mwanzo jibu liko kwenye daftari la msimamizi kabla kikao hakijaanza. Katika wa nne linazaliwa mezani. Hili si suala la ladha ndogo. Mchezaji anayependa kushindana na fumbo, anayeandika majina na saa pembeni mwa karatasi, anataka kujua kwamba muuaji alikuwa muuaji tangu mwanzo. Ukimwambia baadaye kuwa jibu lilitokana na dadu, atahisi amepunjwa. Mchezaji anayependa angahewa, siri za wahusika na maneno makali sebuleni atachoshwa na fumbo lenye jibu moja, na kwake The Between ni ukombozi. Waulize watu wako kabla ya kununua kitabu. Njia hizi mbili hazichanganyiki vizuri ndani ya kisa kimoja, kwa sababu kila moja inamwomba mchezaji aamini jambo ambalo nyingine inalikanusha.

Ukichagua jibu lililofungwa, kuna kinga ambayo haidai ununue mfumo mpya. Justin Alexander, mwandishi wa michezo hii, aliieleza kwa kifupi: kila hitimisho ambalo wachezaji lazima walifikie liwe na vidokezo visivyopungua vitatu. Barua nyuma ya kabati ni kimoja. Cha pili ni risiti ya mfua kufuli aliyeitwa nyumbani siku mbili baada ya mazishi. Cha tatu ni mtumishi aliyeachishwa kazi, sasa anaosha vyombo kwenye baa ya Seven Dials. Wachezaji watakosa kimoja, watakipuuza cha pili na kukielewa vibaya, cha tatu kitawaokoa. Msimamizi wa Call of Cthulhu anayefuata kinga hii hahitaji kuhamia GUMSHOE.

Sarafu ya akili

Mchango mkubwa wa Call of Cthulhu ni kuifanya akili iwe mali inayopungua. Ukiona lisiloonekana unatupa dadu; ukikosa, pointi zinakwenda. Ukipoteza tano au zaidi kwa mkupuo, unatupa tena kwa kipimo cha werevu, na hapa kuna ukatili mzuri: anayefaulu ndiye anayerukwa na akili, maana ameelewa alichokiona. Tena kadiri unavyojifunza elimu ya giza, ndivyo kiwango cha juu cha akili unachoweza kuwa nacho kinavyoshuka. Trail of Cthulhu inatenganisha vitu viwili: utulivu wa leo, unaotikisika na kurudi, na imani kwamba dunia ina mpango, ambayo ikishaondoka hairudi kirahisi.

Kwa kisa cha Victoria kanuni hii ina kasoro moja inayoharibu kila kitu. Mjane amezima taa, meza imeinuka, sauti ya mumewe inatoka kwenye kabati lenye pazia. Msimamizi anasema, "Tupeni dadu za akili." Siri imekwisha. Kila mtu mezani ameshajua kuwa mzimu ni wa kweli, maana kitabu hakitozi akili kwa utapeli. Henry Slade asingeshtakiwa kamwe katika mchezo wa namna hiyo.

Marekebisho ni mepesi: toza kwa kile anachokiamini mhusika, ukweli uwe wowote. Mhusika anayeamini amemsikia marehemu anatetereka, hata kama nyuma ya pazia yuko kijana wa miaka 16 mwenye bomba la shaba. Mwenye mashaka hatetereki hata kama mzimu ni wa kweli, mpaka atakapogundua kwamba bomba halikuwepo. Hapo alipe pointi zote kwa pamoja. Kwa badiliko hili moja, kanuni ya hofu inaacha kutoboa siri.

Kuna la pili. Wazimu katika London ile ulikuwa pia jambo la kisheria. Kwa sheria ya mwaka 1845 mtu wa familia yenye uwezo aliweza kufungiwa hifadhini kwa vyeti vya madaktari wawili, na sheria ya mwaka 1890 ndiyo iliyoongeza sharti la amri ya hakimu. Anayesema amemwona marehemu akitembea ana jambo la kuogopa kuliko marehemu mwenyewe: shemeji anayeutaka urithi. Meza nyingi huchukulia kupoteza akili kuwa ruhusa ya kucheka hovyo na kutamka maneno yasiyo na maana, jambo ambalo halipendezi na haliogopeshi. Ni afadhali kila pointi inayopotea imsogeze mhusika karibu na saini ya daktari wa pili.

Sarafu ya jina

Hii ndiyo sarafu ambayo mifumo mingi inaisahau, na ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote kwa watu wa enzi ile. Call of Cthulhu na Trail of Cthulhu zina kipimo cha hadhi na mali. Wengi hukitumia kuhesabu pesa tu. Vaesen inampa kila mhusika siri ya giza na kiasi cha mali, na orodha yake ya kazi inaanzia daktari na afisa wa jeshi hadi mtumishi na mzururaji. Orodha hiyo inafundisha jambo ambalo namba moja ya hadhi inalificha. Tabaka halikuwa ngazi tu. Bwana mwenye kadi ya kutembelea anapokelewa ukumbini, lakini jikoni watu wananyamaza akiingia. Mjakazi hapiti mlango wa mbele, ila anajua shuka za nani zilichomwa alfajiri ya Jumatatu. Ukirekebisha kanuni, usiiache hadhi kubwa iwe faida kila mahali. Iongeze mtupo wa sebuleni na kuupunguza ule wa jikoni, kwa kiasi kilekile.

Kwa kashfa, kifaa kizuri kiko katika Blades in the Dark ya John Harper ya mwaka 2017, mchezo wa wezi katika jiji la kubuni lenye harufu ya London. Humo hatari inayokuja huchorwa kama duara lililogawanywa vipande vinne, sita au vinane, na kila kosa linajaza kipande. Chora duara la vipande sita liitwalo Kashfa. Kipande kimoja kijae msichana asiyeolewa akionekana usiku na wanaume wasio ndugu zake. Viwili vijae mkiingia nyumba ya mtu bila hati na mkakutwa. Kimoja kifutike mhariri wa gazeti akipewa habari nyingine ya kumshughulisha. Duara likijaa, milango ya watu wa juu inafungwa, mume anadai maelezo, mwajiri anaandika barua ya kumwachisha mtu kazi. Kabla ya sheria ya mwaka 1882, sehemu kubwa ya mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa mkononi mwa mumewe. Kisa cha mwaka 1879 na cha mwaka 1889 vina bei tofauti kwa mhusika yuleyule.

Sarafu ya mwili

Hapa hapahitaji maneno mengi, maana ndipo vitabu vingi vinapomwaga kurasa zao. Kampuni ya TSR ilijaribu mwaka 1994, katika Masque of the Red Death, kuzipeleka kanuni za Dungeons & Dragons kwenye miaka ya 1890. Shida ya njia hiyo ni kwamba mfumo wa ngazi humfanya shujaa awe mgumu kuuawa kadiri anavyoendelea, na mtu asiyeogopa kichochoro hapelelezi, anavamia. Kwa kundi linalotaka hasa kuvamia, Rippers, ya mfumo wa Savage Worlds, ni ya kweli zaidi: wawindaji wa mazimwi wanaopandikiza viungo vya mazimwi hao kwenye miili yao, na kila kipandikizi kina gharama kwa akili zao. Tofauti na hapo, uchache wa uhai katika Call of Cthulhu unatosha. Bastola haikuwa adimu London kabla ya sheria ya mwaka 1903. Kinachopaswa kumzuia mhusika ni mlio wake, filimbi ya polisi na swali la hakimu.

Vyombo vya enzi

Kazi kubwa ya kurekebisha iko kwenye orodha ya ujuzi na vyombo, maana hapo ndipo mwaka unaposhikika. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilianzishwa mwaka 1901. Mhusika wa mwaka 1888 anayepuliza unga kwenye glasi anaishi karne isiyo yake. Kipimo cha kutofautisha damu ya binadamu na ya mnyama kilipatikana pia mwaka 1901, hivyo mchinjaji wa Whitechapel mwenye aproni iliyolowa ana utetezi usiovunjika. Reli ya chini ya ardhi ilikuwepo tangu 1863, na kamera ya Kodak ilifika madukani mwaka 1888. Picha inayodaiwa kuonyesha roho inaweza sasa kuwa ya mtu yeyote, na si ya mpiga picha mwenye studio peke yake.

Telegramu ni mfano wa namna historia inavyogeuka kanuni bila dadu. Tangu mwaka 1885 maneno 12 yalitumwa kwa peni sita. Mwambie mchezaji anayetaka kumwonya mwenzake aliye Edinburgh aandike ujumbe wake kwa maneno 12, kwenye karatasi, mbele ya wote, akikumbuka kuwa karani atausoma. "Usilale nyumbani. Mume hakufa. Tazama kaburi la pili. Njoo kwa treni Jumamosi." Kapata kumi na mawili kamili, na kaacha nje jambo moja: nani aliyezikwa. Msimamizi sasa ana kosa la kulitumia, na hakuna aliyetupa kitu.

Ramani nayo ipo tayari. Charles Booth alianza mwaka 1889 kuchapisha ramani zilizopaka rangi mitaa ya London kwa kadiri ya umaskini wake, nyeusi kwa walio chini kabisa, njano kwa matajiri. Msimamizi anayeiweka mezani anaonyesha jina linaanza kushuka thamani wapi, mtaa kwa mtaa.

London ya nani?

Visa vingi vya enzi hii vimezoea njia ya mkato: laana imetoka makoloni, imekuja na kito au sanamu, na wapelelezi weupe wanaizima. Wilkie Collins alikwisha kuitumia kwa werevu zaidi mwaka 1868 katika The Moonstone, ambapo almasi iliporwa vitani Uhindi na wizi huo ndio chanzo cha balaa. Kanuni zinaweza kulisahihisha hili zenyewe. Mfumo kama Vaesen, ambao unauliza nani alimchokoza kiumbe na amedhulumiwa nini, unawalazimisha wapelelezi kutafuta mwizi kabla ya kutafuta dawa. Msomaji wa pwani hataliona hilo geni. Pepo wa kwetu huulizwa jina lake na anachotaka kabla ya kuambiwa atoke.

Wala wahusika wa Kiafrika hawahitaji kubuniwa kwa nguvu. Abdullah Susi na James Chuma, waliosaidia kuubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani, walifika Uingereza mwaka 1874 na kusaidia katika kuandaa shajara zake za mwisho. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar alitembelea London na ujumbe wake. Mkalimani wa msafara kama huo ni mhusika kamili: anaelewa lugha ambayo wenyeji wake wanadhani haieleweki, anaalikwa penye fahari, na hakuna anayemshuku kwamba anasikiliza. Mpe ujuzi wa kusikiliza bila kuonekana, na bei ya jina iliyo kali kuliko ya wenzake, kwa sababu akikosea anakosea kwa niaba ya nchi.

Namna ya kurekebisha

Desturi mbaya ni kuchukua akili kutoka mfumo mmoja, hadhi kutoka wa pili, vita kutoka wa tatu, kisha kutumia kikao cha kwanza kuzisuluhisha. Anza na mfumo mmoja kama ulivyo. Cheza kisa kimoja. Kisha badilisha kanuni moja, ile iliyowafanya watu wakodoe macho kwenye kitabu badala ya kutazamana. Kila kanuni unayoongeza iondoe nyingine: ukiweka duara la Kashfa, futa kipimo cha sifa kilichokuwepo, la sivyo wachezaji watalipa jina mara mbili kwa kosa moja.

Sheria ya haki za waandishi haikuzuii sana. Kanuni za msingi za GUMSHOE na Blades in the Dark zimetolewa kwa leseni za Creative Commons zinazoruhusu kuzitafsiri na kuzibadilisha mradi chanzo kitajwe. Anayetaka karatasi za wahusika kwa Kiswahili anaweza kuziandika na kuzigawa bila kuomba ruhusa. Azifanye fupi. Ujuzi 12 wenye majina ambayo wachezaji wanayatamka bila kusita unafaa kuliko 40 uliojazwa kwa kamusi.

Basi nani achukue nini? Wanaocheza kwa mara ya kwanza, kwa jioni moja, wachukue Vaesen: kanuni chache, bei inaonekana, na London inaingia humo bila shida. Wanaopenda mafumbo wachukue GUMSHOE, wakiongeza duara la Kashfa na kuihamishia kanuni ya utulivu kwenye kile anachokiamini mhusika. Waliokwisha kununua Call of Cthulhu wabaki nayo, waweke vidokezo vitatu kila hatua na watumie mtupo wa kulazimisha bila haya. Wenye wachezaji wanaoishi kwa siri na majuto ya wahusika wao, na wasiojali kama jibu lilikuwepo jana, waende The Between. Na yeyote atakayeshindwa kuamua, aandike kwenye karatasi jambo ambalo wahusika wake wataogopa zaidi kulipoteza, kisha afungue kila kitabu kwenye ukurasa unaoeleza jambo hilo linapoteaje. Kitabu kisicho na ukurasa huo akirudishe rafuni.